Jenereta Inayolia Umeme Ukiwepo

Katika jiji zima la Ibadan, kuanzia mlimani hadi bondeni, hakuna jenereta iliyowahi kumshinda fundi Selimotu Alarape. Isipokuwa ile ya kinyozi. Na ile ya msikitini, aliyoirudisha inawaka vizuri huku nati zake tatu zimebaki mkononi mwake. Na ya kwake mwenyewe, ambayo haijatoa mwanga tangu mfungo wa mwaka juzi.

Saa moja asubuhi yuko kazini. Upepo wa harmatani umeleta vumbi la jangwa hadi kwenye kope za watu, na hii ni siku ya tisa jua halijaonekana. Mwanga upo, lakini huwezi kusema unatoka wapi. Watu wanapita mtaa wa Oke-Agogo bila vivuli.

Selimotu ameketi kwenye kigoda, jenereta ndogo katikati ya magoti yake kama mbuzi anayekamuliwa. Anavuta kamba ya kuwashia. Kimya. Anavuta tena. Mashine inakohoa.

"Usinikoholee mimi," anaiambia. "Kamkohoe mwenye mali."

Ana miaka sitini na mmoja. Kazi hii aliirithi kwa marehemu mumewe, pamoja na spana, madeni ya kahawa na kigoda. Majirani humwita Iya Ganiyu, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Katika chama cha mafundi wa jenereta ndogo wapo kumi na wanne, na mwanamke ni yeye peke yake. Wanaume walimchagua mwenyekiti, anasema, kwa sababu walichoka kubishana naye akiwa mwanachama wa kawaida.

Kinachomtofautisha na wenzake ni masikio. Akipokea mashine hufumba macho, huivuta, huinamisha kichwa, na kwa muda anakuwa kama mtu anayesikiliza umbea wa chumba cha pili.

"Fundi wa macho anafungua mashine nzima," anasema. "Fundi wa masikio anafungua skrubu moja, anapokea pesa, anakwenda kula."

Anazijua jenereta zote za mtaa kwa vilio vyao. Ya kinyozi inagugumia. Ya muuza maji baridi ina kwikwi. Ya Wasiu Oparinde, fundi cherehani, ilikuwa na tabia yake ya pekee: ilipiga mapigo saba, la nane ikalimeza. Hiyo hapendi kuizungumzia.

Ugonjwa mgumu kuliko yote, kwa maelezo yake, ni moshi unaovuja. Pale bomba la moshi linapokutana na injini huwekwa kipande cha bati cha kuziba. Kikichakaa, moshi hupita pembeni, na moshi huo hauna rangi wala harufu ya kumtisha mtu.

"Una sauti, lakini ndogo," anasema. "Kama mtu anayenong'ona nyuma ya mlango. Kukiwa na kelele huusikii kabisa. Mashine ya namna hiyo unaisikiliza umeme ukiwepo, jenereta za mtaa mzima zikiwa zimenyamaza."

Kipande kipya cha kuziba hakipatikani kila siku, kwa hiyo Selimotu hukata vyake kwenye makopo ya maziwa. Nusu ya jenereta za Oke-Agogo zina uso wa ng'ombe mahali fulani ndani yake.

"Hii ni ya siku mbili tatu," humwambia mteja. "Rudi Jumamosi nikuwekee ya kweli."

Wengi hawarudi. Naye hana desturi ya kuwafuata.

Ng'ambo ya njia, hatua kumi kutoka kwenye kigoda chake, Muniratu Oparinde anakaanga akara, zile bajia za kunde ambazo bila hizo asubuhi ya mtaa huu haianzi. Ni mama yake Wasiu, yule fundi cherehani. Wazee hawa wawili wamekaa wakitazamana kwa miaka ishirini na sita, na hakuna siku waliyoacha kuchokozana.

"Iya Ganiyu, leo umechelewa kuzitia moshi akara zangu."

"Bila moshi wangu zingekuwa na ladha gani?"

"Ladha ya kunde."

"Ndiyo hiyo watu wanaikimbia."

Muniratu anacheka bila sauti, mabega peke yake. Kisha anamtumia mwenzake akara tano kwenye karatasi, kama kila siku. Kwa miezi kumi na moja sasa Selimotu huzipokea, hushukuru, na huzila amempa mgongo.

Miaka mitatu iliyopita kazi hii ilimpa naira elfu tisa kwa siku. Leo akipata elfu nne anamshukuru Mungu na kuzihesabu mara mbili. Lita ya petroli imepita naira elfu moja, na watu wengi wanakaa gizani kwa hiari. Sasa limekuja jambo jipya.

Baraza la mji limependekeza kwamba kuanzia mvua za kwanza, jenereta ndogo zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili zisiruhusiwe tena majumbani. Zile kubwa kidogo zitapimwa moshi, na itakayoshindwa itachukuliwa. Mashine tisa kati ya kumi anazozitengeneza Selimotu ni hizo ndogo.

Mtaa umegawanyika. Muuguzi wa zahanati anasema watoto wanapumua kama wazee. Muuza maji baridi anauliza kama baraza litakuja kumpulizia maji yake yapoe. Lasisi, kinyozi mwenye kibanda jirani na karakana, yuko pande zote mbili, kutegemea kichwa anachonyoa ni cha nani.

"Mimi sikatai hewa safi," anasema huku wembe uko hewani. "Lakini hewa safi hainyoi."

Saa nne asubuhi, umeme unarudi.

Watoto wanapiga kelele mtaa mzima, halafu jenereta zinaanza kuzimwa. Ya muuza maji inazimika, ya kinyozi inafuata, kisha ya duka la simu, moja baada ya nyingine kuteremka mlimani, kama watu wanaoingia ndani na kufunga milango. Utulivu unaobaki ni mkubwa. Unasikia mafuta ya Muniratu yakichemka.

Kigoda cha Selimotu kiko wazi. Ameingia nyuma kutafuta spana namba kumi.

Na hapo ndipo inaposikika. Inatoka upande wa duka la Wasiu, ambalo mlango wake umefungwa kwa kufuli na kufuli lenyewe limeshaota kutu. Mapigo saba. Kimya. Mapigo saba. Kimya.

Lasisi anaondoa wembe kichwani mwa mteja. Mwanamke aliyekuwa akinunua akara anaacha chenji yake na kuondoka. Muniratu hageuki. Anageuza akara, moja moja, kwa utaratibu, kana kwamba anaambiwa hesabu.

"Nani anawasha jenereta umeme ukiwepo?" anauliza mteja wa kinyozi, mgeni mtaani.

"Wasiu," anajibu Lasisi. "Marehemu haambiwi kwamba umeme umerudi."

Inalia kama robo saa, kisha inakoma. Baada ya muda Selimotu anatokea, anaketi, anafuta mikono kwa kitambaa. Spana hana.

Wasiu Oparinde alifariki Februari mwaka jana akiwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa na kazi ya harusi, sare arobaini za lesi nyeupe, na harmatani ilikuwa kali. Ili vumbi lisichafue lesi alifunga mlango na madirisha. Jenereta aliiweka kwenye kijia cha ndani, na moshi wake ulitolewa nje kwa bomba lililopita ukutani. Alifanya hivyo miaka minne bila tatizo.

Aliyemkuta ni mama yake.

"Nilimkuta anashona," anasimulia Muniratu. "Nilisimama mlangoni nikamwambia, mwanangu, kula kwanza. Alikuwa ameketi wima, kichwa kimeinama kidogo, mguu uko kwenye pedeli ya cherehani. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka. Nikasogea. Uzi ulikuwa umekwisha. Sindano ilikuwa inapiga shimo lile lile, lile lile, sijui tangu saa ngapi. Na kule kwenye kijia jenereta inaimba. Saba, inameza. Saba, inameza."

Anakumbuka jambo jingine dogo. Mwanawe alikuwa ameipeleka mashine kwa Iya Ganiyu siku ya Alhamisi, ikarudi ikiwaka kwa mvuto mmoja. Alifurahi sana. Ijumaa akafa.

"Aliniambia, mama, Jumamosi nikumbushe niirudishe kwa fundi. Sikumuuliza kwa nini. Ilikuwa inawaka vizuri. Unairudisha ya nini?"

Watu wa chuma hapa Ibadan, kuanzia wahunzi hadi madereva na mafundi, wana desturi yao juu ya chuma kilichokunywa mtu, na desturi hiyo haiulizi nani Mwislamu na nani Mkristo. Chuma hicho hakiuzwi. Hakiwashwi tena. Hata nati yake moja haiwekwi kwenye mashine nyingine. Mhunzi mkubwa kwa umri hukipiga nyundo tatu, hukimwagia mafuta ya mawese, na fundi wa mwisho kukishika ndiye anayekizika. Anayekiuka hufukuzwa chamani, na watu hawampelekei tena kazi, kwa sababu mkono wake umeonja.

Aliyeishika jenereta ya Wasiu mwisho ni Selimotu. Aliizika nyuma ya karakana yake, siku ya saba, mbele ya wanachama wote kumi na wanne.

Mzee Ogunwande, mhunzi mwenye miaka themanini na kitu, ndiye aliyepiga nyundo. "Ilikuwa imefungwa guniani," anakumbuka. "Iya Ganiyu alisema haifai mama wa marehemu auone uso wake. Nikaona ni heshima. Nikapiga juu ya gunia. Ilitoa sauti nzito, nikasema moyoni, chuma hiki kina kiburi."

Sauti ilianza kusikika wiki mbili baadaye. Kuna aliyesema inatoka kwenye paa la duka, kuna aliyesema inatoka ndani. Ukuta wa nyuma wa duka la Wasiu ndio huo huo ukuta wa ua ulio nyuma ya karakana ya Selimotu, kwa hiyo yeye ndiye aliyeulizwa zaidi.

"Mimi masikio yangu ni ya mashine zilizo hai," ndivyo alivyozoea kujibu.

Muniratu yeye hajawahi kuogopa. Wengine wakikimbia, yeye hukaa. Siku inapolia, jioni anakula chakula chake chote. Isipolia siku tatu nne, anaacha nusu ya amala, ugali wake wa viazi vikuu, sahanini.

"Kama anawasha taa," anasema, "basi huko aliko anaona."

Kuna kitu kimoja tu ambacho Selimotu hajakipatia mzaha. Lasisi alikitaja asubuhi hiyo hiyo, akikung'uta nywele kwenye kitambaa.

"Hata ile wiki uliyokwenda Ogbomoso, kwenye msiba wa dada yako, ililia. Siku tatu mfululizo."

Selimotu aliinua kichwa. "Mliisikia mimi nikiwa Ogbomoso?"

"Saba, inameza. Muulize Iya Wasiu."

"Ilikuwa ya mtu mwingine."

"Wewe si ndiye uliyetufundisha kuzitambua?"

"Nasema haiwezekani."

"Kwa nini wiki hiyo isiwezekane, iwapo wiki nyingine inawezekana?"

Spana ilimdondoka. Aliitafuta chini muda mrefu, ingawa ilikuwa mbele ya mguu wake. Tangu hapo, anaeleza Lasisi, mlango wa nyuma wa karakana umetiwa komeo la pili, na limetiwa kwa upande wa karakana, kama la kuzuia kitu cha uani kisitoke.

Mkutano wa kujadili sheria ulifanyika Jumatano, saa tano asubuhi, katika ukumbi wa shule ya msingi. Watu walikuja wengi kiasi kwamba wengine walikalia madawati ya watoto, magoti yakiwa masikioni.

Ofisa wa baraza, Bwana Ekundayo, alikuja na kisanduku chenye mshale. Aliomba jenereta yoyote. Walimletea ya kinyozi. Iliwashwa uani, kisanduku kikasogezwa, mshale ukapanda ukagonga mwisho na kukaa hapo ukitetemeka.

"Umeharibika," alisema Lasisi.

"Haujaharibika," alisema Bwana Ekundayo. "Umeona kila kitu ulichotengenezewa kuona."

Akaeleza kwamba mashine moja ya namna ile humwaga moshi mbaya mwingi kuliko wa magari kadhaa. Akaeleza kwamba moshi unaoua hauonekani. Na ili sheria isiwaumize maskini, atakayeleta jenereta ya zamani atapewa taa ya jua na kibao chake, bure.

"Iwe nzima, iwe mbovu," alisema, na kwa kuwa alitaka kuchekesha, akaongeza, "hata iwe kaburini, ifukueni mniletee."

Kicheko kilianza, kikafa katikati. Yeye hakujua kwa nini.

Selimotu akasimama kwa niaba ya chama. Alikuwa amefunga kilemba chake cha sherehe, kile kinachomwongezea urefu wa shibiri moja.

"Bwana mkubwa, karibu," alianza. "Mimi ni mama mzee, nimesoma hadi darasa la sita, na la sita lenyewe nililisomea nje nikiuza karanga. Sijui mshale wako. Najua hili: jenereta ilizaliwa na giza. Ukitaka kumuua mtoto, mwangalie kwanza mama yake. Leteni umeme wa kudumu, mimi mwenyewe nitazizika spana zangu na ninyi nitawaalika mje mle."

Ukumbi ulipiga makofi. Bwana Ekundayo alisubiri yaishe.

"Mama, swali moja. Katika mtaa wenu, jenereta haijawahi kumuua mtu?"

Hakuna aliyegeuka kumtazama Muniratu, na kila mtu alijua aliko: kwenye benchi la mbele, kikapu magotini.

"Kilichoua ni mlango uliofungwa," alijibu Selimotu. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mashine ilikuwa nzima. Niliitengeneza kwa mkono wangu. Na baada ya pale nikaizika kwa mkono huu huu, kwa mafuta ya mawese, kama wazee wetu wanavyotaka. Mzee Ogunwande yuko hapa. Sisi mafundi hatuchezi na uhai wa mtu. Mkiweka sheria, wekeni ya milango."

Ilikuwa hotuba nzuri. Ingetosha kabisa, kama Muniratu asingeinua mkono.

"Mimi sina ugomvi na Iya Ganiyu," alisema alipopewa nafasi. "Wala sina ugomvi na baraza. Nauliza tu. Nakaanga kuanzia alfajiri, sioni vizuri, jana nimejichoma hapa. Bwana amesema hata ya kaburini. Ile ya mwanangu iko kaburini. Je, naweza kuifukua nikapata taa?"

Watu walimtazama Mzee Ogunwande. Mzee alijikuna kidevu.

"Desturi inakataza kuiwasha," alisema polepole. "Inakataza kuiuza. Kuitoa nje ya mji, iende ikavunjwe na serikali, hilo hatukuwahi kuulizwa. Naona ni kaburi lingine tu."

"Haifai," alisema Selimotu. "Ardhi imeshaila."

"Miezi kumi na moja?" Lasisi alishangaa. "Ardhi ya wapi hiyo yenye meno?"

"Iya Ganiyu," alisema Muniratu kwa upole, "ni taa tu naitaka."

Ikakubaliwa Alhamisi, baada ya sala ya alasiri.

Alhamisi mchana umeme ulirudi saa nane. Jenereta zikazimika kuteremka mlimani. Na ile ikaanza, saba, inameza, lakini haikukoma baada ya robo saa kama ilivyo kawaida yake. Ililia saa nzima na zaidi. Kuna wakati iliongezwa kasi, kuna wakati ikapunguzwa hadi ikawa kama pumzi ya mtu aliyelala. Mama mmoja alikusanya wanawe akawaingiza ndani. Mbwa wa duka la simu aliketi mbele ya kufuli la Wasiu akalitazama, bila kubweka.

Ilinyamaza adhana ya alasiri ilipoanza. Selimotu alikuwa wa mwisho kufika kwenye sala, oili ingali kwenye kiwiko.

Walipokusanyika nyuma ya karakana walikuwa kama watu ishirini. Lasisi na wanachama wawili wa chama walishika majembe. Selimotu aliketi kando juu ya ndoo iliyopinduliwa, na alipoulizwa kuhusu siku zijazo, alizungumza kwa bidii ya mtu anayetaka kuongelea kitu kingine chochote.

Ana mpango, alisema. Sheria ikipita au isipopita, anataka kujifunza kutengeneza taa za jua. Ganiyu, mwanawe aliyeko Ilorin, amemwambia kuna mafunzo ya wiki sita kwa naira elfu thelathini na tano, na ameshatunza elfu ishirini na moja. Atabadilisha kibao cha karakana. Ataacha makopo ya maziwa.

"Taa haina moshi," alisema. "Haina sauti pia. Nimechoka kusikiliza. Nataka kazi ambayo nikifika nyumbani masikio yangu yanalala."

Jembe likagonga kitu.

Gunia lilitolewa, limekakamaa kwa mafuta ya mawese na udongo mwekundu. Mzee Ogunwande alilimwagia maji, akasema maneno yake, akakata kamba. Gunia likafunguka.

Ndani kulikuwa na mashine ya kusagia pilipili. Ilikuwa ya mkono, ya chuma cha kuyeyusha, na mpini wake ulikuwa umevunjika.

Mzee aliinama akaigusa, akaitazama nyundo yake, akaitazama tena mashine.

"Nimesali juu ya pilipili," alisema.

"Wezi," alisema Selimotu haraka. "Siku hizi hawaachi hata makaburi. Wamefukua, wamebadilisha."

"Wezi wakaacha na mafuta ya mawese?" aliuliza Lasisi. "Wakafunga na kamba kwa fundo lako?"

"Fundo langu linajulikana mji mzima."

Muniratu hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameuacha mdomo wa shimo na kutembea hadi mlango wa nyuma wa karakana, ule wenye makomeo mawili. Leo yote mawili yalikuwa wazi. Mtu aliyetoka humo alikuwa na haraka. Mlangoni, nje kidogo, kwenye ukuta unaopakana na duka la Wasiu, palikuwa na kitu kifupi kimefunikwa turubai.

"Hiyo ni ya mteja wa Mokola," aliita Selimotu. Alisimama, ndoo ikaanguka. "Iya Wasiu, iache, itakuchafua."

Muniratu alivuta turubai.

Kwenye kamba ya kuwashia, mahali pa mpini uliovunjika zamani, palifungwa kipande cha futi ya fundi cherehani, namba zake zikiwa zimefutika kwa kushikwa. Wote waliokuwepo waliijua futi ile. Wasiu aliwapima shingo na viuno kwa futi ya namna hiyo hiyo.

Mama alipiga magoti. Aliitazama mashine kama mtu anavyomtazama mtoto aliyerudi kutoka safari, kwanza juu, kisha chini, akitafuta alipoumia. Kidole chake kikafika kwenye bomba la moshi. Pale bomba lilipokutana na injini, ng'ombe wa kopo la maziwa alikuwa akichungulia, nusu ya uso, jicho moja. Upande wa pili wa uso ulikuwa umeungua mweusi, na weusi huo ulikuwa umetoka nje ya kipande na kutambaa kwenye chuma, mwembamba, kama kivuli cha unywele.

"Jumamosi," alisema Muniratu. Hakumwambia mtu.

Kisha akaweka kiganja chote juu ya injini, na hakukiondoa.

"Iya Ganiyu."

"Naam, mama."

"Mwanangu ana miezi kumi na moja ardhini. Chuma chake mbona kina joto?"

Selimotu alifungua mdomo. Alimtazama Lasisi, akamtazama mzee, akaitazama mashine ya pilipili. Ungedhani katika mdomo ule, ambao haujawahi kukosa jibu kwa miaka ishirini na sita, lingepatikana walau moja zuri.

"Ni jua," alisema.

Muniratu aliinua uso kutazama juu. Lasisi naye akatazama. Mzee Ogunwande, ambaye macho yake hayafiki mbali, akatazama kwa kuwa wengine wametazama. Ilikuwa siku ya kumi na mbili. Mbingu ilikuwa nyeupe pande zote, na katika ua ule wote hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye kivuli.